Mgongo wa Mkulima Una Haki Yake

Msikilizaji, Maramba, wilayani Mkinga, wengi wanaishi kwa jembe la mkono. Anayeinama shambani tangu alfajiri hurudi nyumbani kiuno kimekaza, akameza vidonge, kesho akarudia yaleyale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Desemba 2023 lilitoa mwongozo unaoyataja mazoezi miongoni mwa tiba za maumivu ya kiuno yaliyodumu.

Mazoezi mepesi hayahitaji fedha. Lala chali mkekani, kunja magoti, weka kiganja tumboni. Vuta pumzi puani hadi tumbo liinuke, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Laza magoti kulia, halafu kushoto, bila kulazimisha. Pumzi ndefu hutuliza mwili, na misuli iliyokaza hulegea.

Lakini miguu ikiisha nguvu, mkojo ukizuilika, au homa ikiandamana na maumivu, nenda hospitali mara moja. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe nafasi ya kufundisha mazoezi haya vijijini. Mkulima asingoje alemae ndipo asikilizwe.