JOTO KWA HATUA
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya faida ya masomo ya sayansi. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni mafaili. Kwa hiyo nitasema juu ya togwa.

Mwaka niliomaliza Chuo Kikuu dada yangu alikuwa anaolewa, naye mama alikuwa mgonjwa. Nikajitolea kupika togwa ya wageni. Uji ulipokuwa ukitokota nikamimina kimea chote cha ulezi, nikakoroga, nikafunika. Asubuhi nilikuta uji mzito usio na utamu hata kidogo. Wazee wa upande wa bwana harusi walipewa maji. Mama alichungulia sufuria akasema, "Mwanangu, umekiua kimea." Yeye hungoja uji upoe mpaka kidole chake kivumilie. Siku zote nilidhani ni desturi tu.

Maneno yale yaliniuma, maana sababu yake nilikwisha kufundishwa hapa hapa. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimoja hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65 za Sentigredi, kingine karibu na nyuzi 70. Vikichemshwa, vyote huharibika. Lakini wanga wa mahindi na mtama hauna budi kupikwa kwanza ndipo ulainike. Basi uji upikwe peke yake, na joto la kimea lipandishwe kwa hatua.

Vyombo ni sufuria mbili, mwiko, blanketi na kipimajoto. Koroga unga wa kimea katika maji ya moto kiasi, upate lita 5 zenye nyuzi 50. Ongeza lita 2 za uji mwepesi unaochemka. Hesabu ni ile ile ya darasani: 5 mara 50 ni 250, 2 mara 100 ni 200, jumla 450, gawa kwa 7, utapata nyuzi 64. Sufuria nayo hula joto kidogo. Funga blanketi, ngoja dakika 40. Kisha ongeza lita 2 nyingine za uji unaochemka, utakaribia nyuzi 70. Ngoja nusu saa. Uji utakuwa mwepesi na mtamu. Ukisha kupoa, tia kata moja ya togwa ya jana, uulaze uchachuke. Wazee wanaotaka pombe hufuata hatua hizo hizo, ila hutia hamira. Hilo si la wanafunzi.

Nilipompikia mama kwa njia hii, alitia kidole katika maji ya kimea, akasema, "Sasa." Nikatazama kipimajoto: nyuzi 50.

Vijana, someni kwa bidii, lakini mkirudi nyumbani waulizeni mama zenu kwanza. Togwa iko pale mlangoni, karibuni.