Mutihani wa siku moja usimufungie mutu njia

Leo naomba tuongee juu ya masomo, na mufano nautoa mbali, Marekani.

Kule kuko vyuo vya miaka miwili, vinaitwa vyuo vya jamii. Watoto wa maskini, weusi, Walatino, wale wanaotumika muchana na kusoma mangaribi, wengi wanaanzia pale. Kwa miaka mingi, ukifika tu, wanakupima hesabu na Kingereza. Ukianguka, wanakutuma kwenye kozi za kujazia. Unalipa, muda unapita, lakini kozi hizo hazihesabiwe kwenye diploma. Wengi walichoka njiani, wakaacha. Na waliotumwa pale zaidi ni nani? Ni wale waliotoka kwenye shule zisizo na kitu. Kumbe musaada uligeuka kizuizi.

Mwaka 2017 California ilipitisha sheria AB 705: chuo kiangalie pointi za sekondari, na mwanafunzi asilazimishwe kozi za kujazia ila kama imeonekana wazi hataweza. Wengi zaidi wakaingia moja kwa moja kwenye kozi ya kweli, wakaimaliza. Lakini tofauti kati ya weusi na wazungu haikuisha. Sheria peke yake haitoshi.

New York, vyuo vya CUNY vilianza programu ya ASAP mwaka 2007: mushauri wa kukufuata, vitabu, tiketi ya metro, na kujazia minerval inayobaki. Wachunguzi walipiga kura kati ya wanafunzi waliokuwa na deni la kozi za kujazia. Kiisha miaka 3, walioingia programu, 40 kwa 100 walikuwa na diploma. Wenzao, 22 kwa 100 tu. Akili ni zile zile. Kilichobadilika ni musaada.

Sasa sisi. Mwenzetu akiacha mwaka wa kwanza, tunasema: «Hana akili.» Mimi pia nilishasema hivyo juu ya rafiki yangu. Leo najiuliza: nani alimupa kitabu? Nani alimulipia transport? Nani alimuuliza kwa nini hakuonekana juma nzima?

Kwa hiyo, wandugu, kila mumoja aulize kwenye chuo chake: wangapi waliingia, wangapi walimaliza, na walioacha walitoka shule gani? Wasipojibu, turudi tena kuuliza. Na tangu kesho, tafuta mwenzako mumoja aliyebaki nyuma, musome naye.