Kuangalia, kukumbuka, kudai: hotuba kwa vijana juu ya filme za maisha ya kweli



Wengi kati yetu tuko na diplome na hatuna kazi. Wazazi wanatuuliza: nyinyi vijana, badala ya kutafuta pesa, munakusanyika kuangalia filme? Swali lao ni la haki na tunataka kulijibu leo.

Filme tunazosema hapa ni zile za dokimantere. Ndani yake hakuna mtu anayekufa leo na kesho munamuona tena mzima katika filme ingine. Yule munayemuona iko na jina lake, nyumba yake na madeni yake. Kamera ikizimwa, yeye anabaki na maisha yale yale.

Tuanze na ya kwetu. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana katikati ya Kisangani, muji wa Wakongomani. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia zaidi ya 760 walikufa, na karibu 1,700 waliumia. Mtu akisoma 1,700, anapita. Lakini angalieni « En route pour le milliard », filme ya mwaka 2020. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alifuata kikundi cha wale walioumia katika vita hivyo. Kuna waliokatwa miguu, wanatembea na magongo ao na miguu ya bandia. Siku moja wanapanda chombo kilichojaa watu na mizigo, wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Mvua inawanyeshea njiani. Wanagombana, wanacheka, wanaendelea. Wanafika wakati inchi yote inawaza uchaguzi wa Desemba 2018 tu. Ndani ya filme ile hakuna anayeomba huruma. Kila mmoja amekuja kudai deni.

Filme hiyo iliingia katika orodha rasmi ya Cannes ya 2020. Tulifurahi, lakini tuseme ukweli: filme ilifika mbali kuliko watu waliomo. Haikumurudishia mtu mguu. Korti ya Kimataifa ya Haki, ile ya La Haye, ilishasema tangu Desemba 2005 kwamba Uganda iko na kosa. Juu ya Rwanda, mwaka 2006 korti ilijibu kwamba haina uwezo wa kuhukumu kesi ile. Na ni tarehe 9 Februari 2022 tu ndiyo ilipanga bei ambayo Uganda inapaswa kulipa Kongo: dola milioni 325, kwa awamu 5. Hesabuni wenyewe: miaka 22 kisha vita.

Basi, kama filme haihukumu na hailipi, inasaidia nini?

Inasaidia hivi: kisha kuiangalia, huwezi tena kusema « wahanga » kama vile unasema « magunia ». Pesa zikitajwa, swali linakuja lenyewe: yule mama mwenye magongo, yeye alipata? Yule kijana, nani alimuandika kwenye liste? Mkubwa anaweza kucheza na namba, kuipunguza ao kuiongeza. Kucheza na mtu ambaye inchi nzima inamufahamu kwa sura ni kazi nguvu zaidi.

Na hatuko peke yetu. Inchini Chile, Patricio Guzmán na wenzake walikuwa wanapiga filme juu ya serikali ya Allende wakati jeshi lilipindua inchi tarehe 11 Septemba 1973. Guzmán alifungwa katika stade ya taifa. Mikanda yao ilifichwa, kisha ikatoroshwa kwa njia ya ambasade ya Sweden. Mupiga kamera wao, Jorge Müller Silva, alikamatwa mwaka 1974 na polisi ya siri ya Pinochet, na mpaka leo hajaonekana. Lakini « La batalla de Chile » ilitoka, sehemu tatu, kati ya 1975 na 1979. Waliomupoteza yule kijana walishindwa kufuta kazi yake.

Huko Palestina, katika kijiji cha Bil'in, mkulima Emad Burnat alipata kamera mwaka 2005 juu ya kumupiga picha mtoto wake aliyetoka kuzaliwa. Ukuta wa Israeli ulikuwa unajengwa ndani ya mashamba yao, naye akaanza kupiga maandamano ya kila wiki. Kamera 5 ziliharibiwa, moja kisha ingine. Filme aliyotengeneza na Muisraeli Guy Davidi inaitwa kwa hesabu hiyo: « 5 Broken Cameras ». Mtu alinunua kamera kwa ajili ya mtoto, kumbe anaandika historia ya kijiji.

Na Indonesia: « The Act of Killing », ya 2012, inaonyesha wauaji wa 1965 na 1966 wakijisifu mbele ya kamera. Angalieni majina ya mwisho wa filme. Waindonesia wengi waliofanya kazi ile wameandikwa « Anonymous » tu. Ushujaa ni pamoja na kujua wakati wa kuficha jina.

Sasa turudi kwa telefone zetu. Kila siku video zinapita: maiti, majeruhi, mama aliyevuliwa nguo. Hakuna tarehe, hakuna fasi, hakuna aliyemuuliza yule mama kama anakubali. Kesho video ile ile inasemekana ni ya muji mwingine, wa mwaka mwingine. Ule si ushahidi. Ni kumuumiza mtu mara ya pili, tena ni kumupa adui sababu ya kusema tunadanganya.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. La kwanza, uliza ruhusa, na kama mtu anakataa, hapana kulazimisha. La pili, sema kwa sauti tarehe na fasi unapoanza kupiga. La tatu, chunga nakala mbili kwa watu wawili tofauti, na ficha sura ya yule anayeweza kufuatwa usiku. La ine, rudi. Rudi kwa yule uliyemupiga, umuonyeshe, umuulize kama mambo yake yameendelea wapi.

Hili la ine ndilo gumu zaidi, na halihitaji pesa. Sisi ambao hatuna kazi, wakati tuko nao. Katika kila mtaa kuna mzee ao mama aliyeona mambo ambayo hayajaandikwa popote, na anazeeka. Akienda bila kusikilizwa, wale waliotenda maovu watabaki peke yao kusimulia.

Wazazi wetu, ndiyo sababu tunaangalia filme. Tunajifunza namna ya kushuhudia, juu siku ya kudai ikifika, tuweze kutaja watu kwa majina yao.

 Kuraje kwetu wote.