Kushusha Pikapu: Breki Kwanza, Urembo Baadaye

Mazungumzo kwa wenye pikapu na mafundi wa jua kali



Pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne iliundwa iwe juu ili ivuke matope na mawe. Lakini nyingi sasa hushinda kwenye lami, na wenyewe wanataka zishuke: iwe rahisi kupanda na kupakia, na zisiyumbe sana kwenye kona. Hilo la kona ni kweli, kwa kuwa gari ambalo uzito wake uko karibu na ardhi halilali upande kwa urahisi. Kutaka gari lishuke si kosa. Hatari iko katika namna linavyoshushwa.

Chukueni mfano wa mfanyabiashara anayebeba viazi siku za soko na kupeleka familia yake kanisani Jumapili. Anafika gereji na kuomba gari lishuke siku hiyo hiyo, kwa bei nafuu. Fundi mwenye haraka anaondoa vipande viwili vya springi za nyuma, kisha anakata springi za mbele kwa grainda au kuzichoma kwa gesi mpaka zilale. Jioni gari linapendeza na mwenyewe anaondoka akitabasamu.

Jumatatu linapakiwa viazi. Springi iliyopunguzwa vipande haiwezi tena kubeba mzigo wa kwanza, na ile iliyochomwa imepoteza ugumu wake. Chesisi inagonga ekseli kwenye kila tuta. Shoka zilizotengenezewa urefu wa awali sasa hazina nafasi ya kucheza, na huharibika mapema.

Hata hivyo, jambo la hatari zaidi halina kelele. Pikapu nyingi zina vali ndogo ya breki karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na ekseli hiyo kwa kifimbo. Mzigo ukiongezeka, mwili wa gari hushuka, kifimbo husukuma vali, na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Gari likishushwa bila kurekebisha kifimbo hicho, vali hudhani kuna mzigo wakati wote. Siku ya mvua, pikapu ikiwa tupu, dereva anakanyaga breki kwa ghafla; magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linageuka barabarani. Aliyekuwa anavuka na watoto wake hatajua habari ya kifimbo.

Mbele nako kuna kazi. Gari likishuka, ekseli fupi za mbele hubadili pembe, viungo vyake huchakaa na mipira inayovifunika huweza kupasuka. Magurudumu nayo hupinda na kula tairi upande mmoja. Kwa hiyo mwelekeo wa magurudumu lazima upimwe upya. Taa pia zirekebishwe, hasa ikiwa mbele na nyuma havikushuka sawa. Tairi zote nne ziwe za kimo kimoja, kwa maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungamana gari linapowekwa kwenye nguvu ya magurudumu yote.

Njia iliyo salama ipo. Mwenye gari aridhike na kushuka kidogo, kama sentimita 3 hadi 5. Springi zinunuliwe zikiwa zimetengenezwa kwa kimo hicho na kwa mzigo ambao gari hubeba, pamoja na shoka zinazolingana nazo. Kwenye pikapu za zamani zenye fimbo za chuma zinazosokotwa mbele, fundi huzilegeza kwa boliti zake, pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Mipira ya kuzuia chuma kugonga chuma isitupwe. Kifimbo cha vali ya breki kirekebishwe, kisha gari lijaribiwe likiwa tupu na likiwa na mzigo, mahali pa wazi pasipo watu.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Mwenye gari aulize mamlaka ya NTSA kuhusu ukaguzi kabla ya kazi kuanza, na aiarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi. Mabadiliko yaliyofichwa huweza kuleta mzozo siku ya kudai fidia.

Na kwa mwenye shamba ambaye kila wiki hupita njia ya udongo, ushauri ni mfupi: gari libaki lilivyo. Likishushwa, chesisi na giaboksi ndizo zitakazokutana na mawe.

Fundi mzuri ni yule anayemwuliza mteja, kabla ya kushika spana, gari hili hubeba nini na hupita wapi. Akiambiwa viazi na njia ya shambani, awe na ujasiri wa kukataa kazi hiyo. Mteja atakasirika siku moja, lakini atarudi salama.