Uvimbe wa Taya Usiouma

Shavu likivimba watu hulisingizia jino bovu, na mara nyingi hawakosei. Jino likitoka na usaha ukaisha, shavu hurudi mahali pake. Ameloblastoma haina tabia hiyo. Ni uvimbe adimu unaoanzia kwenye chembechembe za asili ya zile zinazotengeneza enameli ya meno. Si saratani, ila kwa kula mfupa hauna mchezo.

Huota zaidi kwenye taya la chini, karibu na magego ya mwisho, na kwa kawaida hauumi. Jino hulegea, hung'olewa, na shavu linazidi kutuna. Wapo wanaofika hospitali uso umeshapinda.

Daktari hupapasa kwa kidole kando ya ufizi. Mfupa uliokonda hubonyea, pengine kwa mlio mdogo. Eksirei huonyesha weusi uliogawanyika vijumba vijumba, mfano wa sega la nyuki. Hata hivyo picha haitoshi: hukatwa kinyama kikapimwe maabara. Usiuchanganye na uvimbe alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa Uganda: nao hushika taya la mtoto, lakini huo ni saratani, hukua kwa siku na wiki, na hutibiwa kwa dawa.

Kwenye matibabu ndipo wagonjwa wanaposhtuka. Taya likatwe, na si saratani?

Shida ni kwamba ukikwanguliwa tu, chembe zilizojipenyeza kwenye mfupa unaoonekana mzima hubaki, na uvimbe hurudi, pengine baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mabingwa wa upasuaji wa kinywa na uso huondoa pia sentimita 1 hadi 2 za mfupa wa pembeni. Aina yenye kifuko kimoja, inayopata zaidi vijana, wakati mwingine huponea upasuaji mdogo. Pengo hushikizwa kwa bamba la titani, kisha hujazwa mfupa wa nyonga au fibula, ule mwembamba wa mguuni, ambao mishipa yake ya damu huunganishwa na ya shingoni chini ya hadubini.

Mwaka 2014 watafiti waliripoti hitilafu ya jeni ya BRAF katika nyingi ya ameloblastoma za taya la chini. Vidonge vinavyoilenga vimeusinyaza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ni ghali mno. Tegemeo bado ni kisu, kisha miadi ya eksirei kwa miaka 10 na zaidi, hata kwa asiyehisi chochote.