Asiondoke Mikono Mitupu



Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, Waisraeli wanaagizwa juu ya mtumishi aliyetumika miaka 6. Mwaka wa 7 unapowadia aachwe huru, lakini asiondoke mikono mitupu. Bwana wake amgawie mifugo, nafaka na divai. Sababu yake ni nini? Wakumbuke kwamba wao nao walikuwa watumwa huko Misri, na Mungu akawakomboa.

Wapendwa, neno hili linatugusa siku tunapopokea barua ya kupunguzwa kazi. Moyo hushtuka, twawaza karo ya watoto na kodi ya nyumba. Mezani pamewekwa karatasi, nasi twaambiwa tutie sahihi upesi ili fedha zitoke. Wengi wetu tumetia sahihi bila kusoma, tukidhani kuuliza ni kukosa shukrani. Baadaye twagundua kwamba tumekiri hatudai chochote tena.

Kuuliza si kosa. Kiinua mgongo si sadaka, bali ni haki ya jasho. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atangaze kusudio lake mapema, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Aliyetumika mwaka mmoja au zaidi mfululizo hustahili, kwa uchache, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Basi aliyetumika miaka 12 asipewe chini ya mshahara wa siku 70. Hicho ni kiwango cha chini. Makubaliano yaweza kukizidi. Pia kuna mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi.

Kwa hiyo tuombe muda, tuipeleke karatasi nyumbani, tuisome pamoja na mtu anayeifahamu sheria. Aliyeachishwa isivyo haki anazo siku 30 za kufikisha shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asizimalize akinung'unika kibarazani.

Lakini tudai kwa ukweli. Tusiongeze miaka ambayo hatukutumika, wala tusiondoke na vifaa vya kazi kwa kisasi. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20, na ujira wake ukabadilishwa mara nyingi. Walipokutana mlimani, alimweleza machungu yake waziwazi. Kisha wakafanya agano, wakala pamoja, wakaachana kwa amani.

Nanyi mlio waajiri, hasara yaweza kuwa ya kweli. Basi wafungulieni wafanyakazi vitabu vya hesabu, waione. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi Wakristo tuseme zaidi: mnyonge tusimnyonge, na haki yake tumpe.

Mungu awabariki nyote. Amina.