Majibu ya Makohozi Yasibaki Maabara

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kimoja tu: kikopo cha makohozi, tangu kinapotoka mkononi mwa mgonjwa hadi majibu yanapomrudia.

Mtu mwenye kikohozi kisichoisha akifika zahanati, hupewa kikopo chenye kifuniko ili apimwe kifua kikuu. Wengi huondoka nacho bila kuuliza kinachotakiwa ndani yake, nao hurudi na mate. Mate ni maji ya mdomoni. Makohozi ni mazito na hutoka kifuani. Asubuhi kabla ya kula, mgonjwa husukutua kinywa kwa maji safi, huvuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha hukohoa kwa nguvu na kutema ndani ya kikopo. Kiasi cha kijiko kidogo cha chai kinatosha. Afanye hivyo nje, penye upepo, mbali na watu, wala si jikoni walipo watoto. Kifuniko kikazwe, na jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, kwa maana jina lililo juu ya kifuniko hupotea kifuniko kikibadilishwa.

Wako wanaokificha kikopo chini ya sukuma wiki na kuzunguka nacho sokoni hadi adhuhuri kwa kuona aibu. Aibu inaeleweka, lakini joto huharibu makohozi. Kifikishwe zahanati asubuhi hiyo hiyo.

Zahanati nyingi hazina mashine ya GeneXpert, kwa hiyo vikopo husafirishwa, mara nyingi kwa pikipiki, hadi hospitali iliyo nayo. Mashine yenyewe humaliza kazi kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha pia kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Kinachochelewesha majibu basi ni barabara na foleni. Ndiyo maana mkazi ana haki ya kuambiwa siku ya kurudi. “Utapigiwa simu” si siku. Mhudumu akijibu hivyo, aulizwe kwa upole ni siku gani, na atakayepiga ni nani.

Hata hivyo, kosa si la wahudumu peke yao. Mgonjwa huandikisha laini aliyokwisha kuipoteza, au simu ya mume aliye kazini mbali. Majibu hubaki daftarini, mwenyewe hajui, na usiku analala chumba kimoja na watoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mgonjwa wa kifua kikuu asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu hadi 15 kwa mwaka mmoja. Wa kwanza kuambukizwa huwa wale wa nyumbani.

Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Majibu hupewa mgonjwa mwenyewe, au mzazi ikiwa aliyepimwa ni mtoto. Hayasomwi kwa sauti dirishani mbele ya foleni, wala hayapewi jirani aliyepita tu kuuliza. Anayepigiwa simu na kuambiwa “njoo kituoni” bila maelezo zaidi asidhani anafichwa, anatunziwa siri.

Ugonjwa ukionekana, dawa huanza mara moja, na katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na walio nyumbani huitwa wachunguzwe pia. Ugonjwa usipoonekana na kikohozi kikaendelea, mgonjwa arudi. Karatasi ya majibu haiponyi kifua.

Siku ya majibu, mgonjwa aje na kadi yake. Asiyeweza kufika amweleze mhamasishaji wa afya wa kijiji chake kabla ya siku hiyo, ili kituo kijue mahali pa kumpata.